Amekataa Fungu Lake

Habari hii ni ya nyumbani kwetu, na ninaiandika kwa ruhusa ya wifi yangu ambaye inamhusu zaidi. Alinipa sharti moja tu, kwamba nisijifiche mwenyewe. Nitajitahidi.

Sisi watu wa Kilimanjaro, ifikapo Desemba, tunarudi mlimani. Anayeishi Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya atafanya kila njia afike kabla ya Krismasi, na wakifika watu, kuna kuchinja. Nyama kwetu si kitoweo tu. Mnyama akichinjwa, mafungu yake yana wenyewe: wazee wana lao, akina mama wana lao, shemeji ana lake, na mkwe naye ana lake. Ukipewa fungu umeambiwa wewe ni nani katika nyumba ile. Ukinyimwa, pia umeambiwa.

Desemba 2021 mdogo wangu wa kiume alimleta mkewe nyumbani mara ya kwanza tangu wafunge ndoa. Mama yangu alikuwa amemtenga mbuzi tangu Agosti kwa ajili ya siku hiyo. Alimkabidhi mkwe wake fungu likiwa limefungwa kwenye jani la mgomba, mbele ya shangazi zangu wote. Binti yule alipiga goti, akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba unisamehe, mimi sili nyama."

"Si neno," mama akasema. "Kesho tutakuchinjia kuku."

"Kuku pia sili, mama."

"Samaki?"

"Hapana, mama."

"Basi utakunywa maziwa."

Binti akainamisha kichwa. Shangazi mmoja akacheka, na kicheko kile kiliharibu zaidi kuliko jibu lenyewe. Mama alimgeukia mdogo wangu, akamwuliza kwa Kichaga ni mtu wa namna gani huyu aliyewaletea. Usiku ule mama hakula. Mwanamke aliyepika tangu alfajiri kwa ajili ya watu thelathini aliingia kulala na njaa katika nyumba yake mwenyewe.

Labda na wewe, msomaji, umewahi kukutana na mtu wa namna hii. Wengine huacha nyama tu. Wengine huacha kila kitu kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, siagi, mayai, hata asali. Hawa wa pili huitwa vigani, neno lililobuniwa Uingereza mwaka 1944 na mwalimu mmoja wa useremala, Donald Watson, pamoja na wenzake wachache. Kwa hiyo watu wakisema ni mambo ya Wazungu, jina kweli ni la Wazungu. Lakini kula hivyo si kwao peke yao. Nilipokuwa chuo cha uuguzi nililala chumba kimoja na dada Mwethiopia wa Kanisa la Orthodoksi. Kila Jumatano na Ijumaa, na kwa siku 55 kabla ya Pasaka, hakuonja nyama, maziwa wala yai. Alikula dengu na mboga, na mchuzi wa unga wa jamii ya kunde uitwao shiro, nami nilikuwa nikimsaidia kuumaliza. Hakuna aliyemwona wa ajabu. Kwao ukoo mzima hufunga pamoja, na nadhani hapo ndipo penye tofauti. Wifi yangu alikuwa peke yake.

Yeye ni Mpare. Alilelewa katika nyumba ya Kisabato kule milimani, ambako wamisionari wa kanisa hilo walifika mwaka 1903. Si Wasabato wote wasiokula nyama. Wengi wanakula, isipokuwa ile wanayoihesabu kuwa najisi, kama ya nguruwe. Lakini tangu mwaka 1863, Ellen White alipoanza kufundisha habari za afya kule Marekani, wamekuwapo kati yao watu wanaoishi kwa nafaka, mboga na matunda, na baba yake wifi alikuwa mmoja wao. Nyumbani kwao maziwa yalinywewa. Maziwa na mayai aliyaacha mwenyewe akiwa chuo cha ualimu. Nilipomwuliza sababu hakunipa hotuba. Alisema, "Wifi, nikiona ndama anafungwa kamba ili mama yake akamuliwe, siwezi tena." Mimi nimekamua ng'ombe tangu nina miaka minane na sijawahi kuona tatizo. Lakini nilimwelewa.

Maana kuna jambo moja linalonichekesha na kunikera pia. Bibi zetu wengi walikatazwa vyakula, na hakuna aliyeitisha kikao. Kwa Waganda wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Hapa kwetu Tanzania katika makabila mengi mjamzito aliambiwa asile mayai, na kliniki bado nakutana na wasichana wanaoogopa yai kwa sababu hiyo. Mwanamke akikatazwa chakula na wengine, hiyo huitwa mila, naye husifiwa kwa kutii. Akijikataza mwenyewe, ukoo unakaa chini kumjadili.

Supu ndani ya maharage

Sasa nifike pale nilipoambiwa nisijifiche.

Aprili 2022 wifi alipata ujauzito. Mdogo wangu alikuwa na kazi ya ujenzi Dodoma, akaona ni vyema mkewe akae kwa mama hadi atakapojifungua. Mimi naishi Moshi mjini, napanda mlimani kila nikipata siku ya mapumziko. Mama alikuwa hana raha. Kila nikifika aliniambia jambo moja: "Mjukuu wangu anaota tumboni mwa mtu anayekula majani." Aliniomba mimi, muuguzi wa familia, nifanye kitu.

Nami nilifanya. Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, mama alikuwa amechemsha mifupa. Wifi alikuwa ameenda kuteka maji. Nilichukua upawa nikamimina supu kwenye sufuria yake ya maharage, mara mbili, nikakoroga. Nilijiambia ni dawa. Wagonjwa wangapi nimewasagia vidonge kwenye uji! Alikula, akashukuru, mama akanikonyeza, tukacheka jikoni kama wasichana. Mama akaendelea kufanya hivyo nilipoondoka. Hata sikumkataza.

Iliendelea wiki kama tatu. Mlimani mwezi wa Julai ni baridi kali. Asubuhi moja wifi alifunua kiporo cha maharage ili apashe, akakuta juu yake utando mweupe wa mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Hakupiga kelele. Mama ananiambia aliimwaga ile sufuria kwenye shimo la migomba, akaisugua kwa majivu, akairudisha mahali pake, akaenda kulala. Tangu siku hiyo hakula tena chochote alichopika mtu mwingine katika nyumba ile. Hakumwambia mumewe. Hakuniambia mimi.

Nilipata habari kwa njia ya damu. Mwanzoni mwa Septemba nilimkuta amekaa kwenye ngazi anahema, naye alikuwa amepanda kijilima kidogo tu kutoka bondeni. Nilifunua kope la jicho lake, ndani kweupe. Kliniki walipima, damu gramu 8.6. Mjamzito akiwa chini ya 11 tunasema ana upungufu. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Alipimwa choo kutazama minyoo ya safura, hakuwa nayo.

Mama alisema lile ambalo ningetarajia aseme: "Si niliwaambia?" Na kama ningekuwa sijui nilichofanya, ningemuunga mkono. Nilimchukua wifi pembeni nikamwuliza, kama ninavyomwuliza mama yeyote, jana ulikula nini. Asubuhi chai ya rangi na kiazi. Mchana ndizi za kuchemsha na chumvi. Jioni parachichi na chai ya rangi. Juzi vivyo hivyo. "Na maharage?" nikamwuliza. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Maharage ya humu, wifi, unayajua wewe."

Akina mama, nimefanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini. Nimewahi kulaumiwa na ndugu wa wagonjwa, na nimewahi kulaumiwa na madaktari. Sijawahi kukosa la kujibu kama siku ile. Binti huyu aliishi miaka sita bila nyama wala maziwa, na siku ya kwanza kliniki damu yake ilikuwa 11.8. Kwao alikuwa akila makande, kunde, karanga na mboga za kila aina. Kilichomletea upungufu si kule kuacha nyama. Ni sisi tuliomfanya aogope sufuria.

Yule asiyekula cha mnyama ale nini?

Hapa nivae sare yangu kidogo, maana najua wapo watakaosoma wakiwa na binti au mkwe wa namna hii, na wengine hawali nyama kwa sababu tu haipatikani.

Madini ya chuma yamo kwenye maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, ufuta na mboga za majani. Ila chuma cha kwenye mimea hakiingii mwilini kwa urahisi kama kile cha nyama. Kinahitaji msaada. Kamulia limao juu ya mboga, au kula chungwa, embe au pera pamoja na chakula, maana vitamini C hukisaidia kuingia. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, ndipo upike. Na chai, mama, chai! Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kufyonzwa. Iache ipite saa moja au mbili. Wifi alikuwa anaishi kwa chai ya rangi, mchana na usiku, kwa sababu ni kitu pekee ambacho hakuna anayeweza kukitia supu. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki anavihitaji kila mjamzito, anayekula nyama na asiyekula.

Kuhusu nguvu na ujenzi wa mwili, msihofu sana. Mahindi na maharage kila kimoja kina upungufu wake, vikila pamoja vinakamilishana. Wapare na Wasambaa walipika makande bila kusoma kitabu cha lishe. Kiburu chetu cha ndizi na maharage nacho ni chakula kamili kuliko kilivyo maarufu. Chumvi iwe yenye madini joto.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho bustani haitakupa, hata ulime nini. Ni vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kupitia nyama, samaki, maziwa na mayai. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku kwa mtu mzima na 2.8 kwa anayenyonyesha, na ini huweka akiba inayoweza kumchukua mtu miaka kadhaa. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha vyote hivyo, akajisikia vizuri mwaka wa kwanza na wa pili, akakuambia mnamsumbua bure. Akiba ikiisha huanza ganzi miguuni na mikononi, uchovu, kusahau, na damu kupungua. Mishipa ya fahamu ikicheleweshewa tiba inaweza isirudi kama zamani. Na mtoto anayenyonya kwa mama asiye na B12 hupata hasara mapema zaidi: hulegea, hakui vizuri, anaweza hata kuacha kufanya yale aliyokwisha kujifunza. Kwa hiyo asiyekula chochote cha mnyama lazima ameze vidonge vya B12, au ale vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo kiwandani. Hapo hapana mjadala.

Nilipomwuliza wifi kama anameza, alisema alisoma mahali kwamba mboga ikiliwa na udongo kidogo inatosha. Haitoshi. Kwa hiyo na yeye alikuwa na kosa lake, na nilimwambia hivyo. Lakini sikuwa na uso wa kumwambia siku ile ile. Kwanza nilikuwa na deni.

Kwetu mtu aliyekosa huchuma jani la sale akampelekea aliyemkosea, na ni vigumu mtu kulikataa. Nilichuma moja kwenye uzio wa mama, nikaenda nalo chumbani kwa wifi. Nilipiga goti, mimi wifi mkubwa, nikamnyoshea. Akalitazama, akaniuliza, "Hili nalo mnataka nile?" Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ni Mpare na hajui maana yake. Ilibidi nimweleze mambo ya sale hali nimepiga goti na magoti yananiuma, tukajikuta tunacheka huku tunalia. Nikamwambia kila kitu, upawa wa kwanza ulikuwa wa nani, na kwamba mama alifuata mfano wangu. Alisamehe. Vidonge vya B12 alivikubali wiki iliyofuata, baada ya mimi kumletea karatasi ya maelezo na kumhakikishia kwamba vitamini hiyo haikukamuliwa kwa mnyama, imekuzwa kwa bakteria kiwandani.

Mama kuomba msamaha lilikuwa jambo jingine. Mama yangu ana miaka sabini na mbili. Alichofanya ni kununua sufuria mpya, ya kati, na kumwambia mkwe wake, "Hii ni yako, na mfuniko wake." Hakuongeza neno. Kwa anayemjua mama, hilo lilikuwa neno kubwa.

Mtori wa uzazi

Mtoto alizaliwa Desemba, siku chache kabla ya Krismasi, kilo 3.1, msichana. Damu ya mama yake ilikuwa imepanda hadi 10.9. Na sasa ikaja kesi ya mtori. Mzazi wa Kichaga asiyepewa mtori huonekana ametupwa, na mtori ni ndizi na nyama. Majirani walianza kuleta kwenye chupa za chai, kila mmoja na wake, na kila mmoja alitaka kuona ukinywewa. Mdogo wangu, aliyekuwa amerudi, alifanya kosa la wanaume wengi: alitoka nje kila mgeni alipoingia. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba mlango ule ni wa kwake kuulinda, si wa mzazi aliyelala. Maneno kama "mke wangu hatumii nyama, asanteni sana, karibuni chai" yanamwisha mtu nguvu akiyasema mwanamke peke yake kwa mwaka mzima. Akiyasema mume mara tatu, mtaa unazoea.

Mama ndiye aliyetushangaza. Alipika mtori wa ndizi na maharage yaliyopondwa, akatia karanga zilizosagwa, akauonja, akakunja uso. "Huu si mtori," akasema. Lakini aliupika kila siku kwa wiki sita.

Msidhani yamekwisha. Mtoto alipofikisha miezi sita ugomvi ulirudi, safari hii mzito zaidi, maana sahani ilikuwa ya mtu asiyeweza kujisemea. Mdogo wangu alitaka mtoto ale kila kitu. Wifi alitaka alelewe kama yeye. Walininunia wote wawili, kwa sababu nilimwambia kila mmoja ukweli nusu asiotaka kuusikia. Nilimwambia mdogo wangu kwamba wapo watoto waliokua vizuri bila nyama wala maziwa, wakipata vitamini zao na kupimwa mara kwa mara. Nilimwambia wifi kwamba tumbo la mtoto ni dogo, hawezi kula maharage ya kutosha kama mtu mzima, na kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku nyama, samaki au yai. Nilimwambia, "Wewe uliamua ukiwa mkubwa. Yeye bado."

Alikaa na jambo hilo karibu mwezi mzima. Mwishowe alisema yai. Nyama hapana, maziwa ya ng'ombe hapana, yai sawa, la kuku wa mama wanaozurura uani, ila asilipike yeye. Sijui kama kwa hesabu za wenzake wa kule Uingereza hilo linakubalika, wala sikumwuliza. Mdogo wangu alijifunza kuchemsha mayai, jambo ambalo mama yetu hakuwahi kufanikiwa kumfundisha.

Sasa wanaishi Moshi mjini, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mama hushuka na trei ya mayai na mkungu wa ndizi. Bado anasema mkwe wake amekonda, na shangazi yule wa kicheko bado anacheka. Kila Desemba mbuzi huchinjwa, na fungu la wifi hutengwa kama kawaida, akalipokea kwa mikono miwili na kumpa bibi jirani asiye na mtoto, ambaye siku hizi huanza kuulizia tangu Novemba kama wale wa Moshi watakuja.

Jumapili iliyopita nilimkuta mama sebuleni kwa wifi, miwani imeshuka puani, ameimimina chupa ya vidonge vya B12 mezani anavihesabu kimoja kimoja. Vilibaki tisa. Akaniuliza nangoja nini kwenda dukani.